Taja Maji Kwanza

Sogeeni karibu, wanangu. Soumaya, keti hapa kitandani, usiogope kunikalia mguu, mguu huu hausikii tena. Na wewe Huseni, zima hiyo redio, waliotia saini amani huko Arusha watatusubiri kidogo, wao wametuzoeza kusubiri. Mlango urudishieni nusu tu. Mama yenu yuko jikoni na sitaki asikie kila neno, wala sitaki adhani tunamficha jambo. Naanza kwa jina la Mungu ateremshaye maji kutoka juu, na naanza sasa hivi, baada ya alasiri, ningali na pumzi, kwa sababu nimewaona wagonjwa wanaongoja giza liingie ili wosia wao uwe mzito, na giza likawachukua kabla hawajamaliza kusafisha koo.

Mnanijua. Mimi ni Idi, Idi Sitena kama mji unavyoniita, kwa ajili ya lile lori la tanki nililoliendesha ujana wangu wote, Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, Bukavu, nikibeba petroli ya watu na uongo wangu mwenyewe. Na leo nimelala hapa kama tanki lenyewe. Nchi nzima ilikauka mwaka huu, maharagwe yakafa yakiwa maua, ziwa likarudi nyuma hadi boti zikabaki zimekaa mchangani kama wakwe walionyimwa viti, na katika Buyenzi yote mimi peke yangu nikawa najaa maji. Bonyeza hapa, Soumaya. Unaona? Kidole kinaacha shimo, na shimo halifukiki. Daktari aliniambia moyo umechoka kusukuma, basi maji yanashuka miguuni na kukaa huko kama abiria wa basi lililoharibika, akanipimia kikombe kimoja cha kunywa kwa kutwa. Nikamwambia, dokta, watu wote wanaomba mvua, na we unanifungia robine ya bomba! Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza nina watoto wangapi. Hapo ndipo nilipoogopa, maana daktari akianza kuulizia watoto, ujue ugonjwa ameshamaliza kuuliza.

Nilimjibu, watatu. Na hilo ndilo neno la kwanza la wosia wangu: jibu hilo msilibadilishe.

Kisima cha uani alikichimba baba yangu kabla mabomba hayajafika kartieri hii, mtaa wetu huu, na maisha yangu yote sikukiona kikikauka hadi mwaka huu. Kwanza ndoo ilipanda na tope, kisha ikapanda na mchanga, mwisho ikawa inagonga chini kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa. Ndipo Seifu, ndugu yenu, akasema atashuka kukiongeza kina. Mnakumbuka alivyokuwa, kijana asiyeanza kazi bila kuimba, na asiyejua kuimba. Alishuka kwa kamba akichonga ukutani vidato vya kukanyagia, akafukua udongo sisi tukiuvuta huku juu, hadi akafika kwenye mfinyanzi wenye unyevu, akapiga kelele kutoka huko shimoni: “Baba, hili jasho ni lake au ni langu?” Maji hayakutoka. Kabla ya kupanda alikandamiza kiganja chake kwenye ule mfinyanzi, akacheka. “Basi nimetia saini,” akasema. “Maji yakija yajue ni nani aliyeyaita.”

Kesho yake asubuhi, askari walipofungua barabara, akafunga bidoni, dumu la maji, kwenye baiskeli akapanda kutafuta chemchemi juu ya Kamenge, kwa kuwa walisema kule mlimani bado kunadondoka. Mchana tukasikia bunduki upande ule. Tulikuwa tumeshazoea, tukakadiria umbali tu kama watu wa nchi nyingine wanavyokadiria radi, tukaendelea kuosha vyombo. Jioni wenzake walirudi na maji. Seifu hakurudi, wala baiskeli, wala hata kifuniko cha bidoni. Nilikwenda kwa wenye bunduki wa upande huu, wakanielekeza kwa wenye bunduki wa upande ule. Nikatuma watu kwa wa upande ule, wakanirudisha kwa wa huku. Wote walinijibu kwa adabu, wakaniita mzee, mmoja akanipa kiti. Adabu ile ndiyo iliyonitisha kuliko kufokewa.

Sasa Soumaya, wewe umeolewa huko Asiatique, na jambo lililotokea hapa robine iliporudi umelisikia kwa Maxime kinyozi, ambaye analisimulia kila anapomshika mtu kichwa na hawezi kukimbia. Mimi nimemsamehe Maxime, andikeni hivyo, ila asije akasema ni yeye atakayeninyoa. Lisikie kwangu.

Mvua zilikuwa zimeshaanza, umeme ulikuwa umeanza kuwaka na kuzimika, na mchana mmoja bomba la barabarani likakohoa, likatema kutu, likatoka maji. Aliyekuwa karibu ni Mama Scholastique, huyu mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, tangu alipokimbia Kamenge na godoro kichwani. Furaha ikampanda, na furaha ya mtu husema lugha ya mama yake. Akapaza sauti kwa Kirundi: “Yagarutse! Yagarutse!” Nanyi mnajua Kirundi kilivyo, neno ni hilo hilo kwa maji yaliyorudi na kwa mtu aliyerudi. Sisi Waswahili tunajidai kutenganisha, amerudi huyu, yamerudi haya, ingawa huku Buyenzi ukweli ni kwamba tunasema imerudi kwa kila kitu, mvua, mke na homa. Mama yenu alikuwa anakanda unga wa chapati. Alisikia yagarutse, na katika nyumba hii kuna mmoja tu anayengojwa.

Alitoka mbio, mikono yote unga, bila viatu, bila mtandio, akapita robine na watu wote na ndoo zao bila kuwaona, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya bariyeri ya askari, kwa sababu mtu anayerudi hutokea upande ule. “Iko wapi? Mutoto wangu iko wapi?” Na askari mmoja, kijana, naye pia mtoto wa mtu na naye pia anaogopa, akaona mwanamke anamjia mbio na mikono myeupe asijue ameshika nini, akainua bunduki. Mi nilikuwa nyuma ya mama yenu na miguu hii, nakimbia kama gunia la ulezi, napiga kelele apana, apana, na kikoi changu kikaona aibu kunifuata, kikabaki njiani. Nikafika pale kizuizini, mbele ya serikali, na chupi ya bluu.

“We muzee!” askari yule akasema. “Na we umevaa nini?”

“Sijavaa,” nikamwambia. “Nimekuja kuvikwa.”

Mwenzake akaangua kicheko, kisha naye akacheka, na bunduki haiwezi kukaa sawa begani mwa mtu anayecheka. Nikamshika mama yenu mkono, unga ukanipaka hadi kifuani, tukarudi taratibu katikati ya watu wanaojaza ndoo. Hakulia. Aliliangalia bomba linavyotoka, akaniambia, “Kumbe ni maji,” na siku ile hakunywa, wala kesho yake hadi mchana. Wanangu, nimelala katika misitu ya watu wenye mapanga, nimeteremka milima breki zikiwa zimekufa, sijapata kuogopa kama nilivyoogopa neno lile, kumbe ni maji, lilivyotoka kinywani mwake halina hata hasira.

Ndipo tukaweka sheria ya uani, na Mama Scholastique ndiye aliyeipendekeza, akilia: taja maji kwanza. Maji yakirudi, sema “Maji!” kabla ya kusema neno lingine lolote, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kwa Kifaransa, vyovyote, lakini maji yatangulie. Sheria hiyo nawaachia kama ninavyowaachia nyumba. Wafundisheni wajukuu. Wapangaji wapya waambiwe kabla ya kuonyeshwa choo.

Nije kwako, Huseni. Nimelisikia toroli lako. Unadhani mgonjwa amelala, kumbe amelala macho tu. Nimeliona pia kwa dirishani lile lundo la kifusi uliloliweka nyuma ya jiko, na najua si la kutengenezea ukuta. Unataka kufukia kisima. Nami sikuiti mbaya, kwa sababu najua hufanyi kwa tamaa ya kiwanja, unafanya kwa woga, na woga wako una macho. Uliniambia wewe mwenyewe, “Baba, katika muji huu shimo kavu si kisima, ni mudomo, na mutu yeyote anaweza kuulisha kutoka juu ya ukuta.” Ni kweli. Sote tumesikia yaliyoipata familia moja kartieri nyingine, doria ilipomulika tochi shimoni mwao ikaona kitu ambacho si wao waliokitupa. Walichukuliwa na ndoo zao zikabaki zimepangwa mlangoni. Mimi mwenyewe nikisikia kokoto inaanguka uani moyo huu mchovu unaruka ukuta. Mnadhani kwa nini nilivua kile kifuniko cha chuma cha tanki la lori langu, kitu pekee cha lori lile nilichokuwa nakipenda, nikawaambia mkifunge kwa kufuli mdomoni mwa kisima? Lori lililonilisha likabaki wazi juu kama jino lililong'oka.

Lakini usifukie. Usifukie, Huseni, mwanangu. Nitakwambia kwa nini, na nivumilieni, maana pumzi zinakuja kwa zamu.

Zamani ekseli ilinikatikia njia ya Tabora, mwaka ambao watu wa kule walikuwa wametoka kwenye ukame kama wetu. Mvua ilikuwa inanyesha, nyasi zimeota, mi na kiu yangu nikakimbilia kisima cha watu nikaona maji yanang'aa chini. Bibi mmoja akanizuia ndoo. “Hayo ni ya kuosha kisima, si ya kunywa,” akasema. Nikamcheka. Nikamwambia nimekunywa maji ya nchi nyingi kuliko miaka yake. Nikanywa. Wanangu, vichaka vya Tabora navijua kimoja kimoja, na vyote nimevijua nikiwa nimechuchumaa. Nilipopata nguvu ya kurudi kumwomba radhi, bibi yule akanifundisha jinsi maji yanavyorudi, nami nikawa mwanafunzi mzuri, kwa kuwa sikuwa na nguvu za kubisha.

Hayarudi kama mgeni anayebisha hodi. Kwanza yanapiga mabati na kila mtu anaimba. Kisha mto unajaa, kama mlivyouona Ntahangwa ukishuka mwekundu, na hayo si maji bado, ni milima inayohama. Nyasi zinaota, watu wanasema njaa imekwisha, wanakula mbegu walizoziweka. Umeme unarudi, mashine zinavuta maji ya ziwani, robine inatoka leo, kesho inakauka tena. Na muda wote huo ardhi iko chini huko inakunywa peke yake, haimpi mtu, maana ilikuwa na kiu kuliko sisi sote. Kisima ndicho cha mwisho kupata habari. Maji ya kisima chetu hayanyeshi Buyenzi. Yananyesha kule juu milimani, kule kule kunakolia bunduki, yanazama, yanatembea gizani chini ya miguu ya wote wanaotafutana, yanapita chini ya bariyeri bila kuonyesha karangamuntu wala kitambulisho chochote, hakuna anayeyauliza wewe ni kabila gani, na yanafika hapa wakati watu wameshachoka kuyangoja na wameshaleta kifusi. Wengi hufukia visima vyao mvua ikiwa imeshanyesha. Hilo ndilo lililomsikitisha yule bibi, si ukame.

Nipe kikombe, Soumaya. Kidogo. Daktari hayuko.

Na yakifika, yanafika vibaya. Yanapanda yamebeba kila kilichooza udongoni wakati wa kiangazi, vyoo vya mtaa mzima, na yatang'aa, yatawadanganya. Msinywe. Kipindupindu kimeshachukua watu mwaka huu ambao bunduki iliwakosa. Vuteni, mmwage barabarani mbali na ukuta, yasirudi kunywewa na kisima. Vuteni tena, hata kama majirani watasema watoto wa Idi wamerithi kichaa. Yakisafika tieni dawa, mchemshe, ndipo mnywe, na wa kwanza kupewa ni Mama Scholastique. Ukame ulipokuwa mkali alikuwa anafua kwenye nyumba moja ya Rohero yenye hifadhi ya maji, na kila jioni alirudi na bidoni kichwani, nusu yake nusu yetu, akisema kwamba ni nzito, tumsaidie kuipunguza. Hilo ndilo deni ninaloliacha. Funguo ya pili ya kufuli iwe mkononi mwake. Ya kwanza ni yako, Soumaya. Huseni, kwako sitoi, nakupenda, lakini unaogopa.

Nyumba na mabanda mtagawana kama dini ilivyopanga, shehe atawaongoza, na mama yenu asiondolewe chumba hiki. Lakini shehe atawaambia pia kwamba fungu la aliyepotea huwekwa, haliliwi, hadi habari yake ijulikane. Upande ule wa kisima uhesabuni ndani ya fungu la Seifu. Mmenielewa? Ukimwaga kifusi mle, Huseni, hujafukia shimo. Umemzika ndugu yako hai, na hata kama si hai, umemzika bila kumwosha.

Kuna jambo la mama yenu... ngojeni. Ngojeni kidogo.

Kila siku jua likisimama anachukua kioo kile cha mlangoni, anakwenda kufungua kifuniko, anaupeleka mwanga chini. Nyinyi mnadhani anatazama kama maji yamekuja. Apana. Anatazama kile kiganja kwenye mfinyanzi kama bado kipo. Watu wote mjini wanaomba maji yarudi, naye anaitikia amina pamoja nao, lakini mimi nimelala naye miaka yote hii, najua amina yake inavyotetemeka. Maji yakirudi kiganja kitafutika. Hana picha ya mkono wa mwanawe ila ile. Sina ushauri wa hilo, wanangu, nimesafiri kote na sijaukuta mahali. Siku hiyo mkeni mmoja kila upande wake, mwacheni atazame hadi mwisho, msimvute, msimwambie ni kheri.

Na Seifu naye. Nawaambieni hili kwa sauti ndogo, kwa sababu ndilo ninaloliogopa hata kuliko kutorudi kwake. Akirudi, atarudi kama maji yale. Atarudi na tope. Sijui walimfanyisha nini huko, alibeba nini, alishika nini mkononi. Pengine atakuja mtu mwembamba asiyecheka, anayekaa mgongo ukutani na kutazama mlango, nanyi mtaogopa kulala naye nyumba moja. Msimfukie. Msimwulize siku ya kwanza, wala ya pili. Vuteni polepole mmwage mbali, na tena, na tena, hadi mtakapomsikia anaimba vibaya kama zamani.

Mimi mnioshe kwa maji ya kisima kile yakiwa yamefika. Tope halinidhuru, sitakunywa. Yakiwa hayajafika, ya robine yatatosha, sitabishana na mtu. Mnizike mapema, bariyeri zikiwa wazi, kila mtu awahi kurudi kwake kabla barabara hazijafungwa. Na kikoi... mnifunge vizuri safari hii.

Leteni mikono. Yote miwili, na nafasi ya ule mwingine pia, hapa katikati. Mungu awape maji masafi na awape kuyangoja. Awape majirani mtakaogawana nao ndoo. Bunduki ziwapite kama... zilivyompita mama yenu, kwa kicheko. Nimewawia radhi, wote watatu, duniani na...

Nini hiyo? Nyamazeni.

Ni Mama Scholastique huyo. Yuko kisimani au yuko mlangoni? Sisikii vizuri, masikio nayo yamejaa. Anasema nini? Yagarutse. Amesema yagarutse. Tena.

Hajataja maji.

Soumaya, yeye ndiye aliyeitunga sheria, mbona hajataja maji? Mshikeni mama yenu, naisikia sufuria imeanguka, mshikeni asitoke mbio. Apana, mwacheni. Nenda naye, Huseni, mshike mkono, tembeeni. Tembeeni polepole, msikimbie mbele ya watu wenye bunduki. Mimi... mimi nipo, siendi popote kwa miguu hii.

Kama ni maji, msiyanywe.

Kama ni yeye, mpeni maji.